Dawa ya kansa iko mbali, lakini sukari inapanda hapa Kolwezi

Mgonjwa wa kansa wa Kolwezi husafiri mbali kutafuta dawa. Wengine hushuka Lubumbashi, karibu kilomita 300 kwa barabara. Wengine huvuka mpaka Kasumbalesa na kuendelea hadi Lusaka, kwenye hospitali ya kansa ambayo Zambia ilifungua mwaka 2007. Wenye uwezo zaidi huenda Kinshasa, Afrika Kusini au India. Familia huuza kiwanja, huuza pikipiki, hukopa kwa ndugu. Dawa ikishaingia mwilini, mgonjwa hurudi nyumbani na kuambiwa aonekane tena baada ya wiki tatu.

Katika hizo wiki tatu, mara nyingi hakuna munganga anayemwangalia. Aliyeandika dawa yuko mbali. Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani hajui mgonjwa amepewa nini. Na katika siku hizo hizo, kwa wagonjwa wengi, sukari ya damu huanza kupanda taratibu bila mtu kuiona.

Jambo hili linastahili kusemwa wazi katika jimbo la Lualaba: baadhi ya dawa zinazotolewa kwa mgonjwa wa kansa hupandisha sukari, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na ugonjwa wa sukari. Waganga wa kansa duniani wanalijua vizuri. Anayeshtukizwa ni mgonjwa na familia yake. Kwa kuwa sukari inapandia hapa nyumbani, ni lazima ipimwe hapa nyumbani, bila kusubiri safari ya Lubumbashi au Lusaka. Na jimbo linalochimba kobalti kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia halina sababu ya kushindwa kulipia kipimo hicho.

Dawa zinazopandisha sukari

Ya kwanza, na inayokutana na wagonjwa wengi zaidi, ni deksametazoni, ile ambayo famasi zote za Kolwezi zinaiita deksa. Si dawa ya kansa peke yake. Hutolewa pamoja na kemoterapia ili kuzuia kutapika, na kabla ya dawa kama paklitakseli ili mwili usiikatae kwa ghafla. Ndugu yake, prednizoni, ni sehemu ya matibabu ya kansa za damu na za tezi, pamoja na kansa ya taya na tumbo inayowapata watoto wa Afrika ya Kati na Mashariki, ile inayobeba jina la daktari Denis Burkitt aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958.

Dawa za aina hiyo zinafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ini linaamriwa kutoa sukari zaidi kwenye damu, na misuli inaacha kuisikiliza insulini, ambayo ndiyo inayofungulia sukari mlango wa kuingia mwilini. Sukari inabaki barabarani, haina pa kwenda. Kwa mtu mwenye kongosho lenye nguvu, mwili unajitahidi na mambo yanaenda. Kwa mtu mnene, mzee, au mwenye baba au mama aliyekuwa na ugonjwa wa sukari, mwili unashindwa.

Watoto wenye kansa ya damu hupewa pia asparajinasi, dawa inayopunguza insulini inayotengenezwa na wakati mwingine kuvimbisha kongosho. Ikichanganywa na prednizoni, sukari ya mtoto inaweza kupanda sana ndani ya siku chache.

Wanaume wenye kansa ya tezi dume, moja ya kansa zinazoongoza kwa wanaume wa Kongo, hupewa matibabu ya kuzima homoni ya kiume. Matibabu hayo huongeza mafuta tumboni, hupunguza misuli, na kadiri miezi inavyopita huongeza hatari ya kupata ugonjwa wa sukari. Hapa hakuna kishindo. Baba anaanza kuamka usiku kwenda kukojoa, na kila mtu anafikiri ni ile tezi tu.

Halafu kuna dawa mpya, ambazo wanaokwenda India au Afrika Kusini wanaweza kukutana nazo. Alpelisibu, iliyokubaliwa Marekani mwezi wa tano 2019 kwa aina fulani ya kansa ya matiti, inaziba njia ile ile ambayo insulini huitumia kufanya kazi yake. Katika utafiti uliofanya ikubaliwe, wagonjwa zaidi ya 6 kati ya 10 walipandwa na sukari, na zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wote sukari yao ilipanda kwa kiwango cha hatari. Dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumabu, zinafanya hivyo kwa wachache sana, karibu mgonjwa 1 kati ya 100. Lakini kwa huyo mmoja kongosho linaharibika moja kwa moja, na atahitaji insulini maisha yake yote.

Deksa inayouzwa kama pipi

Tatizo la deksa mjini Kolwezi halianzii hospitalini. Dawa hii ni ya bei ndogo, inauzwa bila karatasi ya munganga, na wanawake wengi katika miji ya Kongo huinywa ili wanenepe. Wengine huinywa kwa maumivu ya viungo, wengine kwa uchovu wa kazi ya shimo. Mwili unajaa, uso unakuwa wa mviringo, watu wanasifu.

Mtu aliyekunywa deksa kwa miezi na baadaye akagunduliwa kansa anaingia kwenye kemoterapia akiwa tayari na mwili uliochoka kupambana na sukari. Mara nyingi hamwambii munganga, kwa sababu haoni kama ile ilikuwa dawa. Munganga naye haulizi. Kisha anapewa deksa nyingine, safari hii kwa dozi kubwa.

Hata hivyo, dawa hii haifai kuachwa ghafla na mtu aliyeizoea. Mwili ukipewa deksa kwa muda mrefu huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuikata siku moja kunaweza kumwangusha mtu vibaya. Ni munganga anayepaswa kuipunguza hatua kwa hatua. Kazi ya famasi ni kutoiuza kabla mtu hajafika huko, na kazi ya wakaguzi wa jimbo ni kuhakikisha famasi zinatii.

Kipimo cha asubuhi kinaweza kudanganya

Hapa kuna kosa linaloweza kumpoteza hata muuguzi mwenye nia njema. Kwa desturi, sukari hupimwa asubuhi kabla mtu hajala. Kwa ugonjwa wa sukari wa kawaida, hiyo ni sawa. Kwa sukari inayoletwa na deksa au prednizoni, inaweza kupotosha kabisa. Dawa ikinywewa asubuhi, sukari hupanda baada ya chakula cha mchana na kufika juu kabisa alasiri na jioni. Usiku inashuka. Kesho yake asubuhi kipimo kinaonyesha namba nzuri, mgonjwa anaambiwa aende nyumbani, na saa nane mchana damu yake imejaa sukari tena.

Kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye dawa hizi apimwe alasiri, kama saa mbili baada ya kula bukari yake ya mchana, au kabla ya chakula cha jioni. Kuhamisha saa ya kupima hakugharimu hata franka moja. Kunahitaji tu kwamba muuguzi ajue.

Kuna mtego mwingine unaowahusu wanaovuka mpaka. Hospitali za Kongo kwa kawaida huandika sukari kwa miligramu katika desilita moja ya damu. Zambia huandika kwa milimoli katika lita. Namba 11 kwenye karatasi ya Lusaka inaonekana ndogo kwa mtu aliyezoea kusikia 90 au 110. Lakini namba ya Zambia huzidishwa mara 18 ili kupata ya Kongo, na hiyo 11 ni karibu 200, kiwango ambacho kwa mtu mwenye dalili kinatosha kumwita mgonjwa wa sukari. Ongeza kwamba karatasi yenyewe imeandikwa Kiingereza, na muuguzi anayeipokea amesomea Kifaransa. Onyo lililoandikwa vizuri Lusaka linaweza kufia mfukoni Kolwezi.

Ugonjwa unaofanana na kila kitu

Dalili za sukari iliyopanda ni kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kinywa kikavu, macho kuona ukungu, kuchoka na kukonda. Mgonjwa wa kemoterapia tayari amechoka na tayari amekonda. Familia inasema ni kansa. Jirani anasema ni malaria au tifoidi. Mwingine, kwa sauti ya chini, anasema ni bulozi, na safari inabadilika njia kuelekea kwa wapiga ramli au vyumba vya maombi, siku zikipotea.

Wakati huo upendo wa familia unaweza kuongeza moto. Mgonjwa akidhoofika, ndugu humletea sukre baridi, juisi ya pakiti, asali, munkoyo uliotiwa sukari nyingi, wakiamini vinarudisha nguvu. Katika vituo vingine mgonjwa aliyedhoofika huwekewa serumu yenye glukosi bila kupimwa kwanza. Hakuna mwenye nia mbaya hapa. Lakini kama damu tayari ina sukari nyingi, kila chupa inaongeza mzigo.

Haifuati kwamba mgonjwa wa kansa anyimwe chakula. Anahitaji kula kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Ale bukari yake kwa kiasi, pamoja na samaki, ndakala, mayai, maharagwe, sombe na lengalenga. Kinywaji kiwe maji safi. Cha kupunguza kwanza ni sukari inayonywewa, kwa sababu ndiyo inayopanda haraka.

Mgonjwa akianza kutapika bila kukoma, kupumua haraka na kwa nguvu, kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kuchanganyikiwa, hapo si suala la chakula tena. Apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Na kuna hatari ambayo haina kelele. Kemoterapia hupunguza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Sukari nyingi huwafanya hata waliobaki wafanye kazi vibaya. Mgonjwa mwenye mambo hayo mawili kwa pamoja anaweza kuuawa na kidonda kidogo, jino bovu au homa ya mapafu, wakati dawa ya kansa ilikuwa inafanya kazi yake.

"Kansa kwanza, sukari baadaye"

Wapo wanaosema kwamba huu ni wasiwasi wa nchi tajiri. Wanasema: watu wanashindwa kulipia kemoterapia yenyewe, nani ana nafasi ya kuhesabu sukari? Hoja hii si ya kijinga. Inatoka kwa watu waliowaona ndugu zao wakifa bila kupata dozi hata moja.

Lakini ikichunguzwa inajigeuza. Ni kwa sababu dozi moja imegharimu kiwanja ndiyo haifai kupotezwa. Sukari ikipanda sana, munganga hulazimika kuahirisha dozi inayofuata au kuipunguza. Safari ya Lusaka inakuwa bure, chumba kimelipwa bure, na kansa inapata wiki za kupumzika. Hakuna dawa ya kansa inayouzwa kwa bei ya kijiti kimoja cha kupimia sukari. Anayetunza makuta ya mgonjwa ndiye wa kwanza anayepaswa kudai kipimo hicho.

Wengine wanahofia kwamba kuwaeleza wagonjwa madhara haya kutawafanya wakimbie dawa. Lakini anayekimbia zaidi ni yule asiyeambiwa. Mtu aliyeelezwa mapema kwamba "deksa inaweza kukupandishia sukari, tutapima, na mara nyingi itashuka tukimaliza" hana sababu ya kuona balaa namba inapopanda. Ni kweli pia: kwa wengi, sukari iliyoletwa na deksa hurudi chini baada ya dawa kusimamishwa kwa utaratibu. Kwa wengine haishuki, na hao wanahitaji kufuatiliwa. Kwa wote, kuacha dawa za kansa kwa uamuzi wa nyumbani ni hatari kubwa kuliko sukari yenyewe. Vivyo hivyo kununua metiformini sokoni bila kuuliza: kuna dawa za kansa, kama sisplatini, zinazochosha figo, na metiformini haifai kwa figo zilizoharibika.

Makuta yapo

Ukanda huu wa shaba una deni la ajabu na historia ya kansa. Kuanzia mwaka 1921, madini ya urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalichimbwa na kampuni ya Union Minière na kupelekwa Olen, Ubelgiji, kutolewa radiumu. Hiyo radiumu iliuzwa ghali kwa hospitali za Ulaya na Marekani, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kutibu kansa. Kwa miaka kadhaa Union Minière ilitawala soko hilo duniani. Karibu miaka 100 baadaye, mgonjwa wa Kolwezi bado anapanda basi kutafuta matibabu.

Leo madini ni mengine, lakini swali halijabadilika. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya miji, komini, sekta na usultani ambako uchimbaji unafanyika. Juu ya hapo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Barabara zinahitajika, shule zinahitajika, maji yanahitajika. Lakini mashine ndogo za kupima sukari na vijiti vyake kwa vituo vya afya vya Manika, Dilala, Fungurume na Mutshatsha ni tone katika fedha hizo. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka kipimo cha sukari kwenye orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, kikiwa kati ya vile vinavyopaswa kupatikana hata pasipo na labo. Insulini imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza kabisa, mwaka 1977.

Wafanyakazi wa kampuni kubwa wana hospitali za kampuni. Krezeri anayeshuka shimoni kwa mikono yake, mke wake anayeosha mawe, mama muuza ndizi, hao hawana. Ndio wanaotegemea kituo cha mtaani, na ndio wanaonunua deksa wakiumwa mgongo.

Kuna watakaosema insulini haiwezi kutunzwa mahali ambapo umeme unakatika kila siku. Ni aibu kwamba hoja hiyo inasikika Kolwezi, mji ambao tangu mwaka 1982 unapokea umeme wa Inga kwa laini ya karibu kilomita 1,700. Hata hivyo jibu lipo. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Ulionyesha kwamba insulini iliyowekwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Kama inawezekana katika joto la Dagahaley, inawezekana kwenye baridi ya usiku ya Lualaba, ilimradi akiba kubwa ibaki kwenye friji ya hospitali na mgonjwa apewe ya mwezi mmoja.

Cha kufanya

Idara ya afya ya jimbo inaweza kuanza bila kusubiri jengo jipya. Kila mgonjwa anayekwenda kutibiwa kansa apimwe sukari kabla ya kusafiri. Akirudi, apimwe bure kwenye kituo kilicho karibu naye, alasiri, angalau mara mbili kwa wiki katika siku za deksa au prednizoni. Apewe kadi moja kwa Kiswahili na Kifaransa yenye majina ya dawa zake, namba zake za sukari, na simu ya munganga aliyemtibu. Famasi zizuiwe kuuza deksa bila karatasi. Na wauguzi wafundishwe somo moja la siku moja: dawa zipi zinapandisha sukari, saa ngapi ya kupima, na namba gani ya kumpeleka mgonjwa hospitali kuu.

Familia nayo ina swali moja la kuuliza kabla ya kutoka hospitalini, iwe Lubumbashi, Lusaka au Mumbai: "Kati ya dawa hizi, ipi inapandisha sukari, na tukifika nyumbani nani atapima?" Munganga atajibu sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni wakuu wa Lualaba wanaodaiwa jibu, na mrabaha wa kobalti unatosha kulilipia.